Nakala ya Kwanza ya Kitabu cha Bajeti

Sauti ya wifi yake ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera Sindano kuliko yote. Angekuwa na sauti ya puani, au ya kukwaruza kama mlango wa bati, pengine wangeelewana. Lakini Wifi alisoma orodha ya ushuru wa forodha, misumari kiasi hiki, mabati kiasi hiki, na watu wa meza za jirani wakaacha kazi zao kumsikiliza, kana kwamba ushuru wa mabati ni habari ya mapenzi.

Sindano halikuwa jina lake la nyumbani. Alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza katika chumba cha wasoma prufu, kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali. Alikuwa mwembamba, hasemi mengi, na hakuna kosa lililopita mbele ya kalamu yake nyekundu bila kuchomwa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja mle ndani. Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya mashine. Zikianza kuunguruma chini, vikombe vya chai vilitembea mezani vyenyewe, na mtu aliyesahau kushika chake alikikuta kwa jirani.

Kazi ilifanywa wawili wawili. Mmoja, msomaji, alishika mswada uliotoka wizarani na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, namba kwa namba, mkato na nukta vikitajwa kwa majina yao. Mwenzake, mwenye kalamu, alifuata kwenye karatasi ya prufu, ile ya majaribio kabla ya kuchapa. Msomaji haangalii prufu, mwenye kalamu haangalii mswada. Mstari ukiisha, mwenye kalamu husema, “Endelea.” Akisikia kitu kisichofanana na anachokiona, husema, “Simama,” na msomaji hurudia. Wakiwa bado hawalingani, kilichosomwa ndicho kinachoandikwa. Mwisho wa ukurasa msomaji anatia sahihi juu, mwenye kalamu anatia chini. Utaratibu huo aliuweka baba yake Sindano, enzi zake za kupanga herufi, wakati herufi zilikuwa za risasi na vidole vya wapangaji vilikuwa vyeusi hata siku ya harusi zao.

Kulikuwa na desturi nyingine iliyoanzia kwa Baba. Kila mwaka kitabu cha bajeti kilipotoka mashineni, nakala ya kwanza, ikiwa bado na joto na harufu ya wino, walipewa wawili waliosoma jedwali la deni la taifa. Ukikosea bei ya stempu, watu wanakucheka. Ukikosea deni la taifa, unafungasha. Kwa hiyo ilikuwa heshima. Na kwa kuwa msomaji wa zamani wa Sindano, Mzee Miwani, alikuwa akiikataa kila mwaka (“Deni naliona nyumbani bure,” alikuwa akisema), nakala hiyo ilikuwa ya Sindano.

Yeye aliipeleka kwa Baba. Siku ya bajeti, hotuba ikiisha bungeni, alibisha hodi akiwa nayo kwenye mfuko wa kitambaa. Baba alikuwa ameshaweka viti viwili dirishani. Sindano alisoma, Baba alifuata kwa kidole, na aliposema “Endelea” kwa sauti yake ya zamani ya kazini, Sindano alijisikia mtoto wa miaka tisa aliyefaulu mtihani. Walianza na jedwali la deni kila mara. Wakimaliza, kitabu kilipanda rafuni pamoja na wenzake thelathini na nane.

Basi, Mzee Miwani akastaafu, na kiti chake akakikalia Wifi.

Alikuwa mke wa mdogo wake Sindano, fundi umeme. Aliwahi kuwa mtangazaji wa redio ndogo iliyokufa kwa kukosa matangazo. Baba mwenyewe ndiye aliyemwambia, “Kaombe kazi kiwandani, mkwe wangu, sauti kama hiyo isiozee jikoni.” Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema watu. Huyu alikuja na mwenyeji akaanza kuugua.

Ugonjwa ulianza Jumapili, mezani kwa Baba. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imegawanyika vyama viwili, na watu wa mtaani walikuwa wamevipa majina yao. Waliotaka serikali ipunguze matumizi na kulipa madeni waliitwa Wakaza Mkanda. Waliotaka ikope sasa, ijenge, ilipe nchi ikishanawiri, waliitwa Wajenga Kwanza. Sindano alikuwa Mkaza Mkanda tangu utotoni, kabla chama hakijazaliwa. Alikuwa na miaka minane serikali iliposhindwa kulipa mishahara miezi mitano kwa sababu wakopeshaji wa nje walikuwa wakidai chao. Aliiona cherehani ya mama yake ikitoka mlangoni, imebebwa na wanaume wawili, na mama yake akiwaambia waangalie isigonge ukuta. Mtu aliyeona hivyo haambiwi kwamba deni ni maendeleo.

“Kukopa harusi, kulipa matanga,” alikuwa akisema, na Baba alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Mpaka Wifi alipojibu, “Na anayeogopa harusi, wifi yangu, atazeeka kapera.”

Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Sindano hakukumbuka lini yeye alimchekesha Baba hivyo.

“Mimi nilizaliwa kwenye zahanati iliyojengwa kwa mkopo,” Wifi aliendelea. “Kabla ya zahanati ile, mama yangu alizika wawili. Hebu niambie, wale waliokopa walikosea wapi? Kama bado tunalipa, tulipe. Mimi ndiye risiti.”

“Na wakishindwa kulipa?”

“Watakaa na waliowakopesha waongee, kama watu wazima.”

“Nyie watoto,” Baba alisema, akifuta machozi ya kicheko. “Mimi nilikuwa mtu wa mali ya umma kabla hamjazaliwa. Tulikopa kwa ajili ya wote, tukalipa kwa ajili ya wote, tukalala njaa kwa ajili ya wote. Ila raha moja tulikuwa nayo: tulibishana. Mkwe wangu, bisha!”

Na mkwe alibisha. Kila Jumapili viti vilisogea kidogo kidogo, mpaka ikawa Wifi ndiye anayekaa mkono wa kulia wa Baba, na Sindano anakaa karibu na mlango wa jikoni, anapitisha sahani. Alikuwa na hoja zote alizokuwa nazo zamani, lakini Wifi alikuwa na sauti. Hoja ikisemwa kwa sauti ile, hata mezani wali unaonekana unakubali.

Halafu, wiki tatu kabla ya bajeti, Baba alisema neno lile. Alilisema hivihivi tu, huku akitafuta kijiti cha meno.

“Mwaka huu nakala aniletee mkwe wangu. Nataka kusikia deni likisomwa na hiyo sauti.”

Sindano alikuwa amesimama na jagi la maji. Hakulidondosha. Alimimina maji kwenye glasi ya Baba mpaka yakafika ukingoni, yakapita, yakalowanisha kitambaa cha meza, na mdogo wake akasema, “Dada, dada, mafuriko!” Watu wakacheka. Hata yeye alicheka.

*

Jedwali la deni huwasili mwisho, kama mgeni anayejua hatapendwa. Mwaka huo liliwasili Ijumaa alasiri, kurasa zote nyingine zikiwa zimesomwa mara mbili. Jedwali lenyewe lingesomwa mara moja tu, kwa kukosa muda, na Jumatatu saa mbili asubuhi lingeshuka chini kwa fundi wa bamba, anayetengeneza bati la kuchapia. Baada ya Sindano na Wifi hapakuwa na jicho jingine.

Msimamizi wa chumba, mtu mfupi aliyetembea na muhuri wake shingoni kama filimbi ya refa, aliwawekea karatasi mezani. “Nyie ndio mabibi harusi wangu,” alisema. “Polepole. Simu zote nimezikusanya.”

Wifi alikuwa amesoma siku nne mfululizo. Sauti ilikuwa imeanza kukatika pembeni, lakini hata ikikatika ilikatika vizuri. Alikunywa maji ya uvuguvugu, akafungua mswada.

“Jedwali namba kumi na saba. Deni la taifa, mkato, kwa trilioni.”

“Endelea.”

“Mikopo ya nje. Hamsini na mbili, nukta, tatu.”

“Endelea.”

“Mikopo ya ndani. Arobaini na sita, nukta, nane.”

Kwenye prufu ya Sindano kulikuwa na arobaini na nane, nukta, sita.

Neno “Simama” lilikuwa tayari mdomoni. Miaka kumi na mmoja lilikuwa likitoka lenyewe, kama kupiga chafya. Lakini kichwa chake kilikuwa na tabia ya kujumlisha bila kuombwa, na kabla ulimi haujanyanyuka kilikuwa kimeshateremka chini ya safu na kurudi. Hamsini na mbili nukta tatu na arobaini na nane nukta sita ni mia moja nukta tisa. Na chini, kwenye jumla, paliandikwa hivyohivyo: mia moja nukta tisa. Prufu ilikuwa sawa. Wifi ndiye aliyekosea. Macho yaliyochoka yalikuwa yamebadilisha nafasi za nane na sita.

Na juu ya ukurasa pangekuwa na sahihi ya Wifi.

Hakupanga. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama alipanga, na kila mara alijibu kwamba hapana, na kila mara hakujiamini. Kilichosomwa ndicho kinachoandikwa, si ndiyo sheria? Akaona siku ya bajeti, mbunge fulani mwenye penseli akijumlisha na kukuta safu inachechemea, akipiga kelele kwamba serikali imeficha karibu trilioni mbili. Akaona mswada ukitolewa kabatini, watu wakiuliza nani alisoma. Akamwona Wifi akifungasha vitu vyake kwenye boksi. Akaviona viti viwili dirishani, na kwenye kimoja amekaa yeye.

Kalamu nyekundu ilishuka. Akazikata nane na sita, akaandika juu yake sita na nane, kwa mwandiko safi kabisa.

“Endelea,” alisema.

“Jumla. Mia moja, nukta, tisa.” Wifi alishusha karatasi. “Wifi, umeona? Tumevuka mia. Unaniua Jumapili, najua.”

“Usiongee katikati ya ukurasa,” Sindano alisema.

Wifi akacheka, akatia sahihi juu. Sindano akatia chini. Msimamizi akaja na muhuri wake, akaugonga, akasema, “Mabibi harusi, Mungu awape watoto.”

*

Jumapili Baba aliwapokea mlangoni, amenyoa ndevu.

“Msiniambie namba,” alisema. “Najua kiapo. Niambieni tu: limepanda?”

“Baba, hatusemi,” Wifi alijibu.

“Sijawauliza midomo. Nawaangalia nyuso.” Akamwangalia Wifi, akamwangalia Sindano, na kwa Sindano akakawia kidogo. “Huyu wangu amekonda. Basi limepanda.”

Walikula. Mdogo wake Sindano alisimulia mteja aliyemwita kutengeneza taa na kumbe hajalipia umeme. Wakacheka. Sindano alitafuna kila tonge kama anatafuna karatasi. Halafu ubishi ukaanza, maana Jumapili bila ubishi Baba aliihesabu Jumatatu, na safari hii Baba alimgeukia bintiye.

“Mama, mbona umenyamaza? Mwenzako anasema serikali ijenge reli kwa mkopo. Mchome.”

“Sina la kusema leo.”

“Ana lake,” Wifi alisema. “Anasubiri kitabu kitoke anichinje na jedwali.” Alikuwa akicheka, kisha akaacha. “Lakini Baba, acha niseme kitu, msinicheke. Kule redioni kila mtu alikuwa na namba zake. Wakaza Mkanda walikuja na zao, Wajenga Kwanza na zao, wanapigiana kelele mpaka kipindi kinaisha. Sasa mimi na Wifi tunabishana kila wiki, yeye ananiita mtu wa kuuza wajukuu, mimi namwita bahili, lakini tunabishana juu ya namba moja. Na namba hiyo naijua iko sawa, kwa sababu niliyemsomea ni yeye. Nikikosea mimi, kuna Sindano.” Akampiga Sindano bega kidogo. “Ndiyo maana nalala.”

Sindano alichukua sahani tatu zilizokuwa bado na chakula, akaelekea nazo jikoni.

Akiwa pale, maji yakitiririka, alimsikia Baba akishusha sauti. Alilifunga bomba.

“Nikuambie jambo, mkwe wangu,” Baba alikuwa akisema. “Unajua kwa nini naanza na jedwali la deni kila mwaka? Mwaka ule wa mishahara kukatika, kitabu nilikipanga mimi. Alikuja mkubwa kutoka wizarani na karatasi yake, akasema ile namba ya deni ibadilishe, weka hii. Ilikuwa ndogo. Nilijua si ya kweli, maana ya kweli nilikuwa nimeshaipanga asubuhi, nimeishika kwa vidole hivi. Nikaitoa, nikaweka ya kwake. Kazi ni kazi. Watu wakasoma kitabu wakaona hali ni njema. Mama yake Sindano akasoma akaona hali ni njema, akachukua kitambaa cha mkopo dukani, majora manne, ashone sare za shule. Miezi mitatu baadaye mishahara ikakatika, hakuna aliyenunua sare, na cherehani ikaenda. Mpaka anakufa hakujua namba ile ilitoka mkononi mwangu.”

Wifi akauliza, “Na Sindano anajua?”

“Hapana.”

“Kwa nini unaniambia mimi, Baba?”

“Kwa sababu wewe utanisamehe. Yule wangu hajawahi kuacha kosa lipite.”

Sindano alisimama mbele ya sinki, mikono ndani ya maji. Wivu aliokuwa nao zamani ulikuwa wa kiti na sauti na kicheko. Huu ulikuwa mwingine. Miaka yote aliyokaa dirishani na Baba, kidole kwa kidole, siri ile ilikuwa imekaa katikati yao kama mtu wa tatu, na Baba hakumpa. Amempa mkwe. Amempa bure, baada ya chakula cha mchana, kama mtu anavyompa jirani chumvi. Alitaka kurudi sebuleni amuulize, mimi nilikukosea nini?

Halafu akaona mkono wake wa kulia ndani ya maji, na pembeni ya kidole cha kati kulikuwa na alama ndogo nyekundu ya kalamu iliyokuwa haijatoka tangu Ijumaa. Baba alikuwa ameamrishwa na mkubwa kupunguza deni la taifa. Yeye hakuamrishwa na mtu. Mkaza Mkanda mzima, mtoto wa cherehani, alikuwa amelipunguza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya kiti.

Akasugua. Haikutoka.

*

Jumatatu alifika kiwandani saa moja na robo. Ngazi zilikuwa bado mbichi kwa deki. Alipanga kuichukua karatasi mezani kwa Msimamizi, airekebishe, amwambie aliona kitu alipojumlisha. Asingelazimika kusema zaidi. Ingekuwa kweli, au nusu ya kweli, na nusu nyingine ingebaki kati yake na kalamu.

Meza ya Msimamizi ilikuwa tupu.

“Nimezishusha mapema,” Msimamizi alisema, akitokea mlangoni na kikombe. “Wizara imepiga simu alfajiri, wanataka kabla ya saa nne. Kuna nini?”

Sindano aliteremka ngazi mbili mbili, yeye ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwona akikimbia. Chini, fundi wa bamba, jitu la mikono mikubwa lililofanya kazi taratibu kama daktari wa meno, alikuwa ameshatengeneza bamba la ukurasa ule na alikuwa akilifunga kwenye mashine.

“Simama!” Sindano alipiga kelele.

Fundi akasimama. Watu wote wakasimama. Neno lile mle kiwandani lina nguvu zake.

Msimamizi alikuja nyuma akihema, na nyuma yake, na mkoba bado begani, alikuja Wifi, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kazini. Karatasi ya prufu ilitolewa. Msimamizi aliisoma, midomo ikitikisika, akajumlisha kwa vidole, akajumlisha tena.

“Jumla hailingani,” alisema. Akaangalia sahihi ya juu, akamgeukia Wifi. “Wewe ulisoma arobaini na sita nukta nane?”

Wifi alikuwa amebadilika rangi. “Sijui. Labda. Nilikuwa nimechoka. Kama nilisoma hivyo…” Akamwangalia Sindano, na macho yake yalikuwa yakiomba msaada, yakiwa na uhakika wa kuupata. “Ndiyo maana umekimbia? Umeligundua? Mungu wangu, Wifi, umeniokoa.”

Hapo ndipo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Nakala ingekuwa yake. Wifi angeondolewa kwenye namba kwa kosa la usomaji, angemshukuru juu yake, na Baba angesikia jinsi bintiye alivyookoa kitabu. Ilitosha kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa ndiyo kazi aliyoizoea.

“Alikosea kusoma,” Sindano alisema. “Lakini prufu ilikuwa sawa. Nilisikia amekosea, nikajua amekosea, nilikuwa nimeshajumlisha. Sikusema simama. Nikaibadilisha namba ya kweli nikaweka ya uongo, na nikasema endelea.”

Fundi wa bamba aliizima mashine ya pembeni.

“Kwa nini?” Msimamizi aliuliza.

“Nilitaka alaumiwe yeye.”

Wifi alishusha mkoba. “Ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Ulisikia, ukaniambia niendelee.”

“Ndiyo.”

“Na jana umekaa mezani. Nimesema yale yote, na wewe umekaa.” Sauti ile nzuri ilikuwa imekauka, imekuwa ya kawaida kama ya watu wengine, na Sindano, aliyekuwa ameomba kuisikia hivyo karibu mwaka mzima, hakupata raha yoyote. “Kama ni kiti cha Baba ungeniambia, Wifi. Ningekupisha. Ni kiti tu.”

“Si kiti tu,” Sindano alisema.

Wifi alimwangalia. “Hapana,” alisema. “Pengine si kiti tu.” Akaokota mkoba wake akapanda juu.

Fundi wa bamba alilichukua bamba bovu, akalipinda kwa mikono yake mikubwa, akalitupa kwenye pipa. “Nusu saa,” alisema. “Nitalifanya jingine.”

Msimamizi hakumfukuza. Alisema aliyekuja kwa miguu yake hafukuzwi. Lakini alimwondoa kwenye namba kwa mwaka mzima, akampa meza ya mwisho, ya fomu na kalenda, ambako hatari kubwa kuliko zote ni Februari kuwa na siku thelathini. Wifi alipewa onyo la maandishi kwa usomaji wake. Kurasa zote za mwisho zikasomwa upya, zamu hii Wifi akimsomea Msimamizi mwenyewe, na nakala ya kwanza, Alhamisi adhuhuri, ikiwa na joto lake, akakabidhiwa Wifi.

*

Siku ya bajeti Sindano alijiambia hataenda kwa Baba. Akazunguka sokoni, akanunua sabuni ambayo hakuihitaji, akarudi, akazunguka tena. Saa kumi na moja na nusu miguu ilikuwa imemfikisha kwenye ngazi za nyumba ile, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto.

Viti vilikuwa viwili, dirishani. Kwenye kimoja alikaa Baba, kidole tayari kwenye ukurasa. Kwenye kingine alikaa Wifi, kitabu kimelala mapajani mwao wote wawili. Baba alikuwa ameambiwa, ilionekana mgongoni. Hakugeuka.

Wivu haukuwa umeondoka. Ulisimama naye pale mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Aliuona mkono wa Baba karibu na mkono wa Wifi, na ukamchoma palepale pa siku zote.

“Mikopo ya nje,” Wifi alisoma. “Hamsini na mbili, nukta, tatu.”

“Endelea,” alisema Baba.

“Mikopo ya ndani. Arobaini na nane, nukta, sita.”

Safari hii Baba hakusema kitu. Kidole kilibaki pale chini ya namba, na Wifi akangoja. Sindano alielewa kwamba Baba anajua nani yuko mlangoni, na kwamba neno lile hataki kulisema yeye.

Akashika mwimo wa mlango.

“Endelea,” Sindano alisema.

Wifi hakuinua macho. Hakusogea, wala hakumkaribisha. Ila alipofika kwenye jumla alipaza sauti kidogo, ifike mlangoni.

“Mia moja, nukta, tisa.”